Mashine ya kwanza ya kuchomelea: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

## Kabla ya kununua

1. Naanza kabisa. Ninunue mashine gani?

Kwa wengi wanaoanza, jibu ni inveta (mashine nyepesi ya kielektroniki) ndogo ya rodi inayotoa umeme wa DC, yaani unaokwenda upande mmoja tu, yenye uwezo wa kweli wa ampea 140 hadi 160. Inabebeka kwa mkono mmoja, haihitaji mtungi wa gesi, haisumbuliwi na upepo, na inaunga chuma cha kawaida cha unene wa milimita 2 hadi 8 bila shida. Mageti, meza, fremu, mikokoteni, vyuma vilivyovunjika: karibu kila kitu ambacho mtu mpya anatamani kutengeneza kinaangukia humo.

Nimesema "uwezo wa kweli" kwa makusudi. Namba iliyoandikwa kwa maandishi makubwa mbele ya mashine mara nyingi si ya kweli, na swali la 6 linaonyesha namna ya kuipima kwa kalamu na karatasi ukiwa bado dukani.

Jibu hili hubadilika kwa sababu mbili: kama kazi zako nyingi ni za bati jembamba (swali la 4), au kama umeme ulio nao ni dhaifu (maswali ya 8 hadi 10).

2. Rodi, MIG na TIG zinatofautianaje?

Zote zinayeyusha chuma kwa arki, ule moto wa umeme unaoruka kati ya ncha ya rodi, waya au tangsteni na chuma unachounga. Zinatofautiana katika kitu kinachojaza kiungo na kitu kinachokikinga na hewa. Chuma kilichoyeyuka kikiguswa na hewa hujaa vitundu na kuwa dhaifu, kwa hiyo kinga ni lazima.

Mashine ya rodi hutumia ufito wa chuma uliopakwa dawa. Dawa ikiungua hutoa moshi unaofukuza hewa na kuacha gamba juu ya kiungo, ambalo unaligonga na kuliondoa baadaye. Ni njia chafu kidogo, lakini ndiyo yenye vifaa vichache kuliko zote.

MIG husukuma waya mwembamba kutoka kwenye rili, na gesi kutoka kwenye mtungi hukinga kiungo. Ni rahisi kujifunza na ni ya haraka, ila unabeba mtungi, rejeleta, mpira wa gesi na mota ya kusukuma waya, na kila kimoja kinaweza kugoma siku yake. Upepo mdogo tu unaipeperusha gesi. Ipo aina ya waya wenye dawa ndani yake ambao hauhitaji mtungi. Unafaa nje, lakini unatoa moshi na cheche nyingi zaidi.

TIG hutumia ncha ya tangsteni isiyoyeyuka, gesi ya agoni, na ufito unaoulisha kwa mkono wa pili. Inatoa kiungo safi kupita zote na inakwenda polepole kupita zote. Kama hujawahi kushika mashine yoyote, usianzie hapo, isipokuwa lengo lako hasa ni chuma kisichoshika kutu au baiskeli.

3. Nina nafasi ya kupata transfoma ya zamani, ile nzito. Niichukue?

Ukiipata kwa bei ya kutupa na umeme wako ni imara, ichukue. Ndani yake kuna nyaya za shaba au alumini, kiini cha chuma na karibu hakuna kingine, hivyo inaweza kufanya kazi miaka mingi na fundi yeyote wa kusuka mota anaweza kuifufua.

Udhaifu wake ni kwamba nyingi hutoa umeme wa AC, yaani unaogeuza mwelekeo kila mara, ambao huwasha rodi kwa shida zaidi na hufanya arki itetereke. Inavuta umeme mwingi kwa kazi ileile. Na inaweza kuwa na kilo 20, 30 au zaidi, wakati inveta ya uwezo huo ina kilo 4 hadi 8. Kwa anayejifunza, hoja ya arki ndiyo kubwa: inveta nzuri huongeza ampea kidogo wakati wa kuwasha na hupunguza mkondo rodi inapoganda, kwa hiyo unaweza kuelekeza akili kwenye mkono wako.

4. Nataka kufanya kazi za bati na mabomba membamba. Rodi itafaa?

Chini ya milimita 2 rodi huanza kutoboa. Bomba la mraba la milimita 1.5 linawezekana kwa rodi ya milimita 2 na ampea 40 hadi 55, ukichomelea vipande vifupi vifupi na kuacha kila kimoja kipoe. Bati la bodi ya gari, la chini ya milimita 1, liachie MIG yenye waya wa milimita 0.6. Mtu anayekuambia analiunga kwa rodi huenda anasema kweli, lakini amefanya kazi hiyo miaka mingi.

Kama kazi zako zote zitakuwa za aina hiyo, usinunue mashine ya rodi kwanza. Nenda moja kwa moja kwenye MIG.

5. Vipi mashine zinazofanya yote matatu?

Zinavutia, na nyingine ni nzuri. Angalia tu mambo mawili. Je, upande wa TIG ni DC peke yake? Basi alumini haimo (swali la 16). Je, mota ya waya ina magurudumu ya chuma yenye mifereji inayolingana na waya wako, au ni kigurudumu kimoja cha plastiki? Waya unaokwama kila dakika mbili ndio unaowafanya wengi waichukie MIG.

## Namba za mashine

6. Mashine imeandikwa 250. Hizo ndizo ampea zake?

Usisome mbele, soma nyuma. "250" ya mbele inaweza kuwa jina la modeli tu. Nyuma au chini pana kibati cha maelezo chenye herufi hizi: U1 ni volti zinazoingia; I1max ni ampea za juu kabisa ambazo mashine inavuta kutoka ukutani; I2 ni ampea zinazotoka; U2 ni volti wakati wa kazi; U0 ni volti kabla arki haijawaka; X ni asilimia ya kazi (swali la 7).

Sasa piga hesabu. Kwa mashine za rodi, volti za kazi hukadiriwa hivi: 20, ongeza ampea mara 0.04. Ampea 250 zinadai volti 30. Zidisha: wati 7,500 zinatakiwa zitoke. Tuseme kibati hichohicho kinasema mashine inavuta ampea 25 kwenye volti 230. Hapo zinaingia wati 5,750 kwa hesabu ya ukarimu kabisa. Itatoaje 7,500 ikiwa imepewa 5,750?

Endelea kidogo. Inveta ndogo isiyo na saketi ya kurekebisha mkondo hutumia vizuri kama asilimia 70 ya kile inachoonekana kuvuta, na katika hicho hupoteza kama asilimia 15 kwa joto. Zinabaki wati 3,400 hivi, ambazo ni sawa na ampea 135 kwa volti 25.4. Kwa hiyo hiyo ni mashine ya 135 iliyovalishwa koti la 250. Kwa anayeanza 135 inatosha kabisa. Kosa ni kulipia namba ambayo haimo.

Kama kibati hakipo, au kipo bila I1max na X, mimi ningeirudisha kwenye rafu. Dalili nyingine ni nyaya za kuchomelea: mashine ya ampea 200 huja na waya wa shaba wa milimita za mraba 25. Ukikuta waya mwembamba mlaini unaokunjika kama kamba ya viatu, mtengenezaji mwenyewe hakutarajia ampea hizo.

7. Asilimia ya kazi ni nini?

Ni sehemu ya dakika 10 ambayo mashine inaweza kuchomelea kabla ya kuhitaji kupoa. Asilimia 20 kwa ampea 200 maana yake dakika 2 za kuchomelea na 8 za kupumzika. Ukishusha ampea, muda unaongezeka haraka, kwa sababu joto hufuata mraba wa mkondo: mashine hiyohiyo itafika asilimia 60 ikiwa kwenye ampea 115, na kwenye ampea 89 itachomelea bila kusimama.

Usiogope asilimia ndogo kupita kiasi. Rodi moja ya milimita 3.2 huisha kwa dakika moja na kidogo. Baada ya hapo unagonga gamba, unapiga brashi, unatazama kazi, unachukua rodi nyingine. Mtu mpya hutumia muda mwingi kutazama kuliko kuchomelea. Ila chunguza joto la kipimo: kiwango cha kimataifa cha IEC 60974-1 hupima mashine katika nyuzi 40 za Selsiasi. Iliyopimwa katika nyuzi 20 itaonekana na asilimia nzuri kwenye karatasi, halafu taa ya joto iwake mapema siku ya jua kali.

## Umeme wa kuilisha

8. Soketi ya kawaida ya nyumbani itabeba?

Inategemea ampea unazochomelea, si ukubwa wa mashine. Kwa hesabu ya swali la 6, kuchomelea kwa ampea 80, yaani rodi ya milimita 2.5, huvuta ampea 13 au 14 kutoka kwenye volti 230. Ampea 120, yaani rodi ya 3.2, huvuta karibu 22.

Maana yake plagi ya ampea 13 inafika ukingoni kwa rodi ya 2.5, na kwa rodi ya 3.2 itayeyuka pini au kukata fyuzi. Ukitaka kutumia 3.2 mara kwa mara, mwite fundi umeme akuvutie laini ya peke yake yenye waya wa milimita za mraba 4, breka ya ampea 25 au 32 na soketi ya viwandani. Kuweka fyuzi kubwa zaidi kwenye waya uleule si suluhisho, huko ni kuuhamishia moto ndani ya ukuta.

9. Naweza kutumia ekstensheni?

Ndiyo, ikiwa nene na fupi. Ekstensheni ya mita 30 yenye waya wa milimita za mraba 1.5 hupoteza kama volti 14 inapobeba ampea 20, ya 2.5 hupoteza kama 9. Kama umeme wako unafika ukiwa 200 badala ya 230, hizo 14 ndizo zinazofanya rodi igande na wewe uilaumu mashine.

Ikunjue yote kabla ya kuanza. Waya uliobaki umeviringishwa kwenye rili hauna pa kutolea joto na huyeyuka kutoka ndani, ambako huoni. Mahali pa mbali, ni bora kurefusha nyaya nene za kuchomelea kuliko kurefusha waya wa umeme.

10. Jenereta au sola?

Jenereta: chukua kile mashine inachovuta, ongeza nusu yake. Kwa rodi ya 2.5 inveta inavuta kama kVA 3 (kVA ni volti mara ampea, gawa kwa 1,000), basi jenereta ya kVA 5 inatosha. Kwa 3.2 inavuta kama kVA 5, tafuta ya 7.5 au 8. Iwe na kirekebisha volti cha kujiendesha, maana volti zinazopanda ghafla rodi inapoachia ndizo zinazoua inveta. Washa jenereta kwanza, iache itulie, ndipo uwashe mashine. Kuzima ni kinyume chake.

Sola: mifumo mingi ya nyumbani, hapana.

## Rodi na vifaa vingine

11. Nianze na rodi gani?

E6013 ya milimita 2.5. Inawaka kirahisi, inakubali AC na DC, na gamba lake linabanduka vizuri. Namba zake: 60 ni nguvu ya kuvutwa, pauni 60,000 kwa inchi ya mraba, 1 ni kwamba inafaa mikao yote, ya mwisho inaeleza dawa na aina ya mkondo.

Anza na ampea 60 hadi 90 kwa rodi ya 2.5, na 90 hadi 130 kwa ya 3.2. Kadirio la kichwani ni ampea 35 kwa kila milimita ya kipenyo, kisha rekebisha kwa macho.

E7018 ni imara zaidi na inafaa kinachobeba mzigo, lakini inachukia unyevu. Ikivuta maji ya hewani huingiza haidrojeni kwenye kiungo, na kiungo kinaweza kupasuka saa nyingi baada ya wewe kwenda nyumbani. Pakiti ikifunguliwa huhifadhiwa kwenye oveni yake ya nyuzi 120 hadi 150. E6010 usinunue kabla ya kuhakikisha mashine yako inaimudu. Inveta nyingi ndogo huizima katikati ya kazi.

12. Nitenge fedha kwa vitu gani zaidi ya mashine?

Watu wengi humaliza fedha zote kwenye mashine, kisha wanachomelea na miwani ya jua. Unahitaji helmeti, glovu ndefu za ngozi, nguo nzito ya pamba (nailoni huyeyukia mwilini), viatu vilivyofunika, nyundo ya gamba, brashi ya waya, vibanio na grenda. Grenda utaitumia kuliko unavyodhani, kwa sababu nusu ya kuchomelea ni kusafisha na kuandaa kingo.

Kama bajeti haitoshi, punguza mashine, usipunguze hivi.

13. Helmeti inayojitia giza yenyewe ni anasa?

Hapana, kwa anayejifunza ni msaada mkubwa. Kwa helmeti ya kioo cheusi unaweka rodi mahali pake, unashusha kioo kwa kichwa, na kabla hujawasha rodi imekwisha kuhama. Inayojitia giza inakuacha uone hadi arki inapowaka. Na kichujio kizuri huzuia mionzi ya urujuanimno muda wote, hata betri ikiisha. Kwa ampea za mashine ya kwanza, weka giza namba 10 au 11.

## Mwili wako

14. Nilichomelea mchana, usiku macho yananichoma kama yana mchanga. Nimeharibikiwa?

Huo ni uso wa jicho uliounguzwa na mionzi. Maumivu huja saa 6 hadi 12 baadaye, ndiyo maana watu hushtuka usiku. Kwa kawaida hupona ndani ya siku moja au mbili. Kaa penye giza, usisugue, usitie chochote cha jikoni, wala usijitilie dawa ya ganzi. Uoni ukififia, au maumivu yakizidi siku mbili, nenda hospitali. Na waonye waliosimama pembeni: mionzi inayorudi kutoka ukutani nayo inaunguza.

15. Ni vyuma gani nisiviguse?

Chuma kilichopakwa zinki: zinki huchemka kwa nyuzi 907, chini sana ya joto la arki, na moshi wake mweupe huleta homa na kutetemeka jioni ileile. Saga zinki yote kuzunguka kiungo na ufanyie kazi nje. Kunywa maziwa hakuzuii.

Chuma kilichosafishwa kwa dawa zenye klorini, kama baadhi ya zile za breki za gari: joto na mionzi huigeuza kuwa fosjini, gesi yenye sumu kali. Tumia sabuni na maji, kausha kabisa.

Pipa au tangi lililokuwa na mafuta: usiguse, hata kama limekaa wazi mwaka mzima. Mabaki yaliyoganda kwenye mishono hugeuka mvuke yakipata moto.

Moshi wa kawaida nao si wa kudharau. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, mwaka 2017 liliuweka moshi wa kuchomelea kwenye kundi la 1, la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Weka kichwa pembeni ya moshi, si juu yake.

## Hali za pembeni

16. Naweza kuunga alumini kwa inveta yangu ya rodi?

Kiungo cha kujivunia, hapana. Alumini huyeyuka kwa nyuzi 660, lakini ngozi yake ya oksidi huyeyuka karibu na 2,070. Ndani panakuwa maji wakati juu bado pagumu, kisha yote yanadondoka. TIG ya AC huvunja ngozi hiyo kwa kugeuzageuza mkondo, na TIG ya DC iliyomo kwenye inveta nyingi za rodi haifanyi hivyo. Rodi za alumini zipo, ila ni za kuokoa jahazi.

17. Rodi inaganda kila mara. Mashine ni mbovu?

Kabla ya kuirudisha, shika kibanio cha ardhi (kile cha waya unaorudisha mkondo kwenye mashine) baada ya dakika chache za kazi. Kikiwa cha moto, umekibana juu ya rangi au kutu, na mkondo unaishia hapo. Saga mahali pa kubania mpaka pang'ae. Kisha kagua ekstensheni (swali la 9), unyevu wa rodi, na ampea: wanaoanza karibu wote huziweka chini mno kwa hofu ya kutoboa. Ongeza kumi, jaribu tena.

18. Nanunua iliyotumika. Nikague nini?

Iwashwe mbele yako na uchome rodi tatu mfululizo kwa ampea utakazotumia, si kugusagusa tu. Sikiliza feni. Chungulia kwenye matundu ya hewa: vumbi jeusi linalometa ni unga wa grenda, unaopitisha umeme, na inveta iliyojaa unga huo inasubiri siku yake. Tazama soketi za mbele kama zimebadilika rangi kwa joto. Skrubu za kasha zikiwa zimechubuka, uliza nani aliifungua na kwa nini.

Ya kwako pia, usisagie karibu nayo, na ipulize kwa hewa kavu kila baada ya miezi michache, ikiwa imechomolewa.

19. Nataka kuchomelea chuma kwenye gari. Kuna tahadhari?

Chomoa betri, waya hasi kwanza, na ubane kibanio cha ardhi karibu kabisa na kiungo ili mkondo usipitie kwenye beringi au kompyuta ya gari. Ondoa mazulia na bomba la mafuta lililo karibu, msaidizi akae na kizimamoto upande wa pili wa bati. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asichomelee wala asisimame karibu kabla daktari wake hajamruhusu.